Nyasi za Aldabra: Mmea Unaoishi kwa Kuliwa

Anayevuka kwa boti kutoka Mji Mkongwe kwenda Changuu huwa amewafuata kobe. Ukoo wa kobe wale uliletwa Unguja kutoka Shelisheli mwaka 1919, na hadi leo mgeni hupewa fungu la mboga za majani akawalisha kwa mkono. Mombasa nako jina la Mzee bado linatajwa, yule kobe wa Haller Park aliyeandamwa na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Mlaji, basi, tunamjua. Tusichokijua ni majani yaliyoulea ukoo wake huko kwao Aldabra: nyasi fupi mno, nyingine zisizoota mahali pengine popote duniani, zilizojengeka kuanzia shina hadi punje zikiwa chini ya mdomo wa mnyama mmoja. Nyasi hizi zinastahili kuangaliwa kwa subira. Anayezielewa hataweza tena kuamini kwamba mmea adimu hulindwa kwa kuzungushiwa ua.

Aldabra iko kaskazini-magharibi ya Madagaska, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani ya Afrika. Ni atoli, yaani duara la visiwa vya matumbawe lililoizunguka lagoni kubwa yenye mikoko. Kutoka mwisho hadi mwisho ni kama kilomita 34, na nchi kavu yake yote ni takriban kilomita za mraba 155. Visiwa vyake vikuu ni vinne: Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie. Ukiacha vilima vichache vya mchanga, ardhi yake haipandi zaidi ya mita 8 hivi juu ya bahari. Jiwe lenyewe ni tumbawe la kale lililoinuka, na kwa sehemu kubwa mvua imelila hadi likabaki ncha kali na mashimo ambayo mtu hupita kwa taabu hata akiwa na viatu vigumu. Ila kuna sehemu nyingine, hasa mashariki ya Grande Terre, ambako jiwe limelala tambarare, na katika mabonde yake ya kina kidogo umejikusanya udongo mwembamba. Hapo ndipo nyasi zetu zilipo.

Pepo za Aldabra ni zilezile zinazoongoza majahazi ya kwetu. Kaskazi ikivuma, kati ya Novemba na Aprili, mvua hunyesha. Kusi ikishika, kisiwa hukauka, na vidimbwi vya maji matamu juu ya jiwe hupotea kimoja baada ya kingine. Jumla ya mvua ni kama milimita 1,000 kwa mwaka, lakini hubadilika sana mwaka hadi mwaka, na udongo wa kuyatunza maji ni haba. Mmea wowote unaotaka kuishi pale lazima ukubali kukauka kwa miezi na kuamka kwa haraka.

Anayefika pale mvua zikiwa zimekolea huona kitu kinachofanana na ukoka wa uwanja wa mpira uliokatwa jana. Wachunguzi wamekipa jina la nyasi za kobe. Ni mchanganyiko wa aina takriban 20 za nyasi, jamaa za ndago na mimea midogo ya majani mapana, zote zimelala pamoja, zote fupi kupita kiasi. Mahali palipolishwa sana, kimo chake ni cha kupimwa kwa milimita. Miongoni mwa nyasi halisi zilizomo ni Panicum aldabrense, Sporobolus testudinum na Eragrostis decumbens. Stephen Renvoize, mtaalamu wa nyasi wa bustani ya Kew huko London, ndiye aliyezieleza kisayansi, kisha mwaka 1980 yeye na Mmarekani Raymond Fosberg wakatoa kitabu cha mimea yote ya Aldabra na visiwa jirani.

Majina haya matatu ya Kilatini yanaweza kumtisha msomaji, lakini jamaa zake tunao karibu. Eragrostis ni jenasi ya tefu, nafaka ambayo Waethiopia hutengenezea injera. Sporobolus imejaa katika tambarare za Serengeti, na aina moja yake, Sporobolus virginicus, hutambaa juu ya mchanga wa pwani zetu ikitoa chumvi kupitia majani yake. Panicum nayo ni jenasi ya malisho na ya nafaka ndogondogo zinazolimwa tangu kale. Waliofika Aldabra, kwa hiyo, hawakuwa mimea ya ajabu. Ni nyasi za kawaida za nchi za joto, ambazo baada ya kufika zilibadilishwa na maisha ya hapo.

Zikiwa na kimo cha sentimita moja au mbili, zote tatu humwonekea mtu kuwa kitu kimoja, na hapa ndipo kazi ya mtaalamu inapoanza. Inambidi apige magoti, ashike lenzi, atafute visuke, yaani vile vijisehemu vidogo vinavyobeba maua. Kwenye Sporobolus, kila kisuke kina ua moja tu. Kwenye Eragrostis, maua hupangana mengi ndani ya kisuke kimoja, moja juu ya jingine, pande mbili za mhimili. Kwenye Panicum kuna maua mawili: la chini huwa halizai punje, la juu ndilo lizaalo, likiwa limefunikwa na ganda gumu linalong'aa. Jamaa za ndago hutambulika kwa shina, ambalo mara nyingi lina pembe tatu na halina vifundo kama vya muwa. Hakuna njia ya mkato. Mtu aliyesimama wima haoni lolote zaidi ya rangi ya kijani, na nina hakika ndiyo sababu mimea ya aina hii huchelewa kuingia katika orodha za wataalamu, hata huku kwetu.

Sporobolus ina jambo moja zaidi la kulitaja. Kwa nyasi nyingi, mahindi na mpunga zikiwemo, ganda la tunda limeshikamana na mbegu hata huwezi kuvitenganisha. Kwa jenasi hii ganda liko huru. Likilowa maji huvimba, hupasuka, na kuisukuma mbegu nje ikiwa na ute unaonata. Mbegu iliyonata hukwama kwenye unyoya wa ndege, kwenye unyayo, kwenye gamba. Kwa kizazi cha mimea inayopaswa kuvuka bahari na kisha kusambaa juu ya jiwe, sifa hiyo si ndogo.

Sasa tuje kwenye kuliwa. Mchicha ukiukata kichwa, umeondoa ncha yake ya kukulia, na mmea unalazimika kuanza upya kwa machipukizi ya pembeni. Nyasi zimejipanga kinyume. Jani la unyasi hukua kutokea chini, mahali linapoungana na ala yake karibu na shina, na ncha unayoiona juu ndiyo sehemu yake kongwe. Mnyama akila ncha amekula kilichokwisha kutengenezwa, na kiwanda kimebaki salama chini ya meno. Shina lenyewe, kabla ya wakati wa kuchanua, huwa fupi sana na limejificha katikati ya ala za majani, likitoa machipukizi mapya usawa wa udongo. Hii ndiyo sababu ng'ombe, nyumbu na fyekeo vimeshindwa kuzimaliza nyasi duniani, ilhali mbuzi wachache huweza kuumaliza mche wa mwembe kwa siku moja.

Mpango huu una udhaifu mmoja. Wakati wa kuzaa unapofika, unyasi wa kawaida hurefusha pingili zake haraka na kulisukuma suke juu, ili upepo ulete chavua na upeperushe mbegu. Suke lililosimama juu ya malisho ndilo la kwanza kuliwa. Mahali wanyama wanapopita mara moja kwa msimu, hasara hiyo huvumilika: wakiondoka, mmea huchanua. Aldabra hakuna kuondoka. Kobe wako hapohapo mwaka mzima, maelfu, na mdomo wao usio na meno una ukingo mgumu unaokata karibu kabisa na ardhi. Unyasi uliochanua kwa mtindo wa kwao ulikotoka haukuacha watoto wengi. Ule ambao kwa bahati ya urithi wake ulikuwa na pingili fupi, ukatoa masuke mafupi yaliyoinama au kujibana chini kati ya majani, ndio uliofanikiwa kukomaza punje kabla ya mdomo kuzifikia. Kizazi baada ya kizazi, waliobaki ni wafupi. Baadhi ya mimea ya nyasi za kobe leo huzaa chini kabisa, usawa wa shina. Jamaa mmoja wa ndago aliyemo humo, Bulbostylis basalis, ameshikilia tabia hiyo barabara: visuke vyake viko kwenye kitako cha mmea, mahali ambapo kwa mimea mingine ungetafuta mizizi.

Gharama ipo. Ua lililo chini hupata upepo kidogo, na mbegu inayoangukia miguuni pa mama yake haiendi mbali. Lakini kobe mwenyewe hulipa sehemu ya deni hilo. Anapong'ata majani humeza pia punje zilizomo, na chakula hukaa muda mrefu tumboni mwake huku akitembea, kisha mbegu hutoka mahali pengine pamoja na mbolea. Juu ya jiwe lenye udongo wa kukwangua, mbolea hiyo ni mali.

Msomaji makini atauliza: tunajuaje kwamba ufupi huu umo katika urithi? Huenda ni majani ya kawaida tu yaliyodumazwa kwa kuliwa na njaa ya udongo. Swali ni zuri, na jibu lake hupatikana kwa jaribio rahisi: chukua mmea, uhamishie mahali pasipo mlaji, umwagilie, uupe udongo mzuri, usubiri. Ukirefuka, ufupi ulikuwa wa mazingira. Ukibaki mfupi, umo kwenye jeni. Nyasi za kobe ni za kundi hili la pili. Zikikingwa na kobe, zenyewe hazipandi kuwa nyasi ndefu.

Jaribio kama hilo lilifanywa pia na nyasi za Tanzania, na nadhani wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kulisikia. Samuel McNaughton, mwanaikolojia wa Marekani aliyechunguza Serengeti kwa miaka mingi, alichukua nyasi kutoka sehemu zinazolishwa sana na sehemu zilizokingwa, akaziotesha pamoja katika hali moja. Zile za malisho mazito zilibaki fupi na za kutambaa. Za sehemu zilizokingwa zilisimama. Mwaka 1984 alieleza jinsi makundi ya wanyama yanavyoyafanya malisho kuwa mafupi na mazito, na jinsi nyasi zenyewe zinavyochujwa kufuata umbo hilo. Katika tambarare za kusini-mashariki mwa Serengeti unyasi mkuu wa namna hii ni Andropogon greenwayi. Sehemu zilizozungushiwa ua wa kuzuia wanyama zilionyesha jambo la kusikitisha: unyasi huo ulipungua, na nyasi ndefu zaidi zikachukua nafasi. Nyumbu na kobe hawana undugu wa karibu, wala Serengeti si kisiwa cha matumbawe, lakini kanuni iliyotenda kazi ni moja.

Ua ukiwekwa Aldabra, matokeo ni hayohayo. Nyasi ndefu na vichaka huinuka na kufunika, na nyasi za kobe hufa kwa kukosa mwanga. Hii inahusiana na namna zinavyojilisha. Sporobolus na Eragrostis, kama mahindi, mtama na muwa, hutumia njia ya usanisinuru inayokusanya kwanza hewa ya ukaa kwa wingi ndani ya jani kabla ya kuigeuza sukari. Njia hii hubana maji na hufanya kazi vizuri kwenye joto na jua kali, ila inahitaji mwanga mwingi. Unyasi wenye urefu wa kidole, uliojengwa kwa jua la wazi, hauna namna ya kushindana na kichaka cha mita moja. Hauwezi kurefuka kukifuata kichaka, kwa kuwa uwezo wa kurefuka ndio ulioupoteza ili uishi chini ya kobe. Kobe ndiye anayewafyeka majirani zake. Kuliwa kumekuwa sharti la uhai wake.

Inafaa kujua ukubwa wa huyo mlaji. Kobe wa Aldabra, Aldabrachelys gigantea, dume lake laweza kufika kilo 250. Hesabu ya miaka ya 1973 na 1974 ilikadiria kobe kama 150,000 kisiwani. Makadirio ya sasa ni kama 100,000. Mwaka 1979 Malcolm Coe na wenzake walipiga hesabu ya uzito wa kobe kwa eneo wakaona kwamba unazidi uzito wa wanyama wakubwa wala majani wote kwa pamoja katika hifadhi za Afrika walizozilinganisha. Juu ya jiwe kavu! Siri ni kwamba kobe hachomi chakula ili kuupasha mwili wake joto. Nyumbu hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kudumisha joto la damu. Kobe huotea jua. Kwa hiyo majani yaleyale hulisha uzito mkubwa zaidi wa kobe kuliko wa mamalia. Wala hakuna simba wala fisi wa kuwapunguza. Kinachowapunguza ni njaa, ukame na jua.

Jua ndilo linalochora ramani ya nyasi hizi. Kobe aliyebaki kwenye jua la adhuhuri bila kivuli hufa kwa joto. Hula asubuhi, hujikokota hadi chini ya mti au kichaka kabla jua halijapanda, hulala hapo wakibanana, kisha hurudi kula jioni. Malisho yaliyo mbali na kivuli hayaguswi sana, na yaliyo karibu hunyolewa kila siku. Ukitaka kujua mahali nyasi fupi zitakapokuwa nzuri, tafuta miti. Kobe wakizidi, huvunja na kuangusha vichaka wanavyolala chini yake, kivuli hupungua, nao hufa. Waliochunguza kupungua kwao tangu miaka ya 1970 wametaja msongamano na ukame kuwa miongoni mwa sababu. Ninalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba pale pana amani ya milele kati ya mnyama na mmea. Ni mizani inayoyumba, na kivuli kimo ndani yake.

Misimu nayo inahusika. Mvua za kwanza za kaskazi zikinyesha, nyasi zilizokuwa kahawia huchipua kwa haraka, na kobe huhamia kwazo; wakati huo ndizo chakula chao kikuu. Kusi ikikausha, hugeukia majani ya miti yaliyoanguka na chochote kilichobaki. Mmea hupata nafasi ya kuzaa katika dirisha fupi la unyevu, wakati uleule ambao mlaji ana hamu nao zaidi. Masuke ya chini yana kazi kubwa zaidi katika wiki hizo kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Haya yote yamechukua muda gani? Kuna alama moja ya kuanzia. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilipanda juu kuliko ilivyo leo na Aldabra ikazama yote. Mimea na wanyama wa nchi kavu walioko sasa ni uzao wa waliofika baada ya maji kushuka. Baadaye, enzi ya barafu, bahari ilishuka chini sana, na visiwa vingi ambavyo leo ni miamba ya chini ya maji vilikuwa nchi kavu, kwa hiyo safari kati ya kisiwa na kisiwa zilikuwa fupi zaidi. Kwa vipimo vya mageuzi ya viumbe, muda huo si mrefu. Lakini unyasi huzaa mapema na huzaa mara nyingi, na mchujo wa mdomo wa kobe haukupumzika hata msimu mmoja.

Kwamba kobe anaweza kuvuka bahari tuna ushahidi wa hapahapa. Desemba 2004 kobe jike wa Aldabra alitoka majini akaingia ufukweni Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, miguu yake na sehemu ya chini ya gamba lake vikiwa vimeshikwa na viumbe wadogo wenye magamba waotao juu ya vitu vilivyokaa muda mrefu baharini. Ni safari ya kilomita kama 740. Wanasayansi waliiandika kuwa mara ya kwanza kwa kobe kuthibitishwa kuvuka bahari namna hiyo. Namna hiyohiyo, kwa mkondo na kwa bahati, mababu zake walitoka Madagaska kufika Aldabra. Mbegu za nyasi zinaweza kusafiri pia, tumboni, kwenye matope, kwenye manyoya. Tofauti ni kwamba kobe mmoja aliyefika Kimbiji anabaki kobe. Punje ya unyasi wa Aldabra ikiota Kimbiji itazungukwa na ukoka, ndago na vichaka, bila wale maelfu ya kobe wa kuvifyeka, na naamini haitamaliza misimu mingi.

Hapa neno adimu linahitaji kupimwa. Deborah Rabinowitz, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alionyesha mwaka 1981 kwamba uadimu una sura kadhaa: mmea unaweza kuwa na eneo dogo, au kudai mazingira ya namna moja tu, au kuwa na idadi ndogo popote ulipo. Nyasi za Aldabra zina sura mbili za kwanza na hazina ya tatu. Ukiwa juu yake unakanyaga maelfu ya mimea. Mtu angeweza kuiangalia hesabu hiyo akaridhika. Lakini uwingi huo wote umetundikwa juu ya mnyama mmoja katika atoli moja, na mnyama huyo aliwahi kukaribia kwisha.

Katika karne ya 19 mabaharia walibeba kobe wazimawazima melini kwa kuwa waliweza kuishi miezi bila chakula wala maji, wakisubiri kuchinjwa. Visiwa vya Mauritius, Réunion na Rodrigues vilipoteza kobe wao wote, spishi 5. Mwaka 1874 kundi la wanasayansi, Charles Darwin na Joseph Hooker wakiwemo, walimwandikia gavana wa Mauritius kumwomba awalinde kobe wa Aldabra. Wakati huohuo wa miaka ya 1870 mbuzi waliingizwa kisiwani. Mbuzi si badala ya kobe. Anakula vichaka, yaani anakula kivuli, na alishindana na kobe kwa malisho kwa zaidi ya karne moja hadi alipoondolewa kabisa mwaka 2012. Katikati ya hayo, miaka ya 1960, Uingereza ilitaka kujenga uwanja wa ndege za kijeshi Aldabra. Wanasayansi walipinga kwa nguvu, fedha nazo zikawa ngumu, na mwaka 1967 mpango ukaachwa. Aldabra ilirudishwa Shelisheli mwaka 1976, na mwaka 1982 UNESCO ikaitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Seychelles Islands Foundation ndiyo inayoisimamia. Katika historia hiyo yote hakuna aliyepigana kwa ajili ya nyasi. Zilipona kwa sababu kobe walipona.

Kinyume cha kuwaondoa kobe, yaani kuwarudisha, kimejaribiwa Mauritius. Tangu mwaka 2000 kobe wa Aldabra wamewekwa kwenye kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, na baadaye Round Island, wafanye kazi iliyokuwa ikifanywa na kobe waliokwisha. Wamekula mimea vamizi na kusambaza mbegu za mti asilia wa mpingo wa kisiwa hicho. Hii inaonyesha kwamba walinzi wa mazingira wameanza kuuhesabu mdomo wa mnyama kuwa sehemu ya bustani. Ningependa fikra hiyo ifike pia kwenye mbuga zetu, ambako malisho mafupi bado hutazamwa na wengi kama dalili ya ardhi iliyochoka. Mengine yamechoka kweli. Mengine ndivyo yalivyo, na ukiwaondoa wanyama umeyaua.

Hatari ya sasa kwa Aldabra ina sura mbili. Ya kwanza ni ukame na bahari inayopanda, ambavyo kisiwa cha mita 8 hakina pa kuvikimbia. Ya pili iko Assumption, kisiwa kilicho umbali usiofika kilomita 30, ambacho uchimbaji wa mbolea ya ndege wa karne iliyopita ulikikwangua na kukiacha bila kobe wake. Ndege wageni walioingizwa Assumption walivuka wenyewe hadi Aldabra, wakagunduliwa huko mwaka 2012, na ikagharimu kazi ya miaka kuwaondoa. Sasa ujenzi wa hoteli ya kifahari umeanza Assumption. Ujenzi huleta saruji, mchanga, udongo wa bustani na miche, na ndani yake mbegu. Nyasi ngeni ndefu, ngumu, ambazo kobe hawazipendi, ndizo adui hasa wa nyasi za kobe, kwa sababu zingeweza kusimama pale ambapo vichaka vya kwao hufyekwa.

Serikali ya Shelisheli ina wajibu wa kudai kwamba kila shehena inayoshushwa Assumption ikaguliwe mbegu na wadudu na watu wasio na maslahi katika mradi, kwamba bustani za hoteli zipandwe mimea ya visiwa hivyo tu, na kwamba taarifa za ukaguzi zitolewe hadharani. Nchi jirani za bahari hii, Tanzania na Kenya zikiwemo, nazo zina haki ya kuziomba taarifa hizo, na ziziombe mapema, kabla bustani za hoteli hazijapandwa.